Mawasiliano: Hakuna

Karani wa takwimu alikalia kiti cha cherehani yangu bila kukaribishwa, akaanza kuandika habari za kijiji chetu cha msituni: nyumba ishirini na tatu, duka moja, barabara hakuna. Penye "mawasiliano" napo akaandika "hakuna", kwa kuwa simu yake haikushika mtandao.

Mara mvua ikamwagika juu ya mabati. Huku hunyesha karibu kila siku, na ikishaanza humsikii hata aliye ubavuni mwako, kwa hiyo sote tunazungumza kwa mikono. Wifi yangu, aliyekuwa mlangoni kwake ng'ambo ya njia, akaniuliza kwa vidole kama mgeni atakunywa chai. Nikamjibu: atakunywa, ila sukari usitie, kitambi kinamtosha.

Karani akatutazama kwa huruma. Mvua ilipokatika, akaandika: "Wakazi ni mabubu."

"Bubu nani?" nikamfokea. Kalamu ikamdondoka.

Wifi akaingia na kikombe. Karani akaonja, akakunja uso. "Mbona haina sukari?"

"Nilimkataza mbele ya macho yako," nikamwambia. "Haya, okota kalamu, ufute hiyo 'hakuna'."