Sindano ya Nyanchera

Nyanchera alipougua baridi yabisi, vidole ndivyo vilivyotangulia kumkataa. Kila asubuhi vilikuwa vimevimba na kukakamaa, hata kufunga vifungo vya blauzi ikawa ni kazi ya mumewe, Ratemo. Majani chai ya shamba lao la Nyaramba yalichumwa na watu wengine, yeye akiwatazama kutoka mlangoni.

Tembe za mara moja kwa wiki zilipunguza uvimbe. Lakini kila alipozimeza, kichefuchefu kilimshika hadi kesho yake, asitake hata kusikia harufu ya chakula. Alijaribu kuzimeza akiwa ameshiba, akajaribu kuzimeza akienda kulala, hali ikawa ile ile. Mwishowe akawa anazificha chini ya ulimi na kwenda kuzitema kwenye migomba. Viungo vikaanza kuuma upya.

Katika kliniki ya viungo mjini Kisii, yeye na Ratemo walimkuta daktari mgeni, Benter, mwanamke kijana kutoka upande wa ziwani. Ekegusii, lugha ya wenyeji wa Kisii, hakuijua, kwa hiyo wote watatu walizungumza Kiswahili. Alimshika Nyanchera vidole, akavibonyeza taratibu, kisha akauliza, "Mama, dawa unameza?"

"Anameza, daktari," Ratemo akajibu upesi. "Mimi mwenyewe ndiye humpa maji."

Nyanchera akatazama sakafu. "Huwa nazitema," alisema.

Ratemo alimgeukia. Benter hakukasirika. "Ni vizuri umeniambia," alisema. "Wengi hutema na hawasemi." Kisha akawaeleza kwamba dawa hiyo hiyo ipo ya sindano, ya kudungwa chini ya ngozi, na kwamba tumbo la wengi huivumilia zaidi. "Unaweza kuja hapa kila wiki muuguzi akudunge, au mfundishwe kudunga wenyewe nyumbani. Ukitaka kubaki na tembe, tutatafuta ya kutuliza tumbo. Wewe ungependa ipi?"

Tangu augue, Nyanchera hakuwa ameulizwa swali kama hilo. Kabla hajafungua mdomo, Ratemo alikuwa amempigia simu binti yao Gladys, aliyekuwa Nakuru, akamweleza, na kuweka sauti ya juu ili wote wasikie.

"Mama abaki na tembe," Gladys akasema. "Mama anaogopa sindano."

"Nani amekwambia naogopa?" Nyanchera akauliza. "Anayeogopa ni baba yako."

Ilikuwa kweli. Ratemo aliweza kumshika fahali pembe akatulia, lakini daktari wa mifugo akitoa sindano tu, yeye huenda kutafuta kamba ambayo haijapotea.

"Nataka nyumbani," Nyanchera akamwambia Benter. "Vidole vyangu haviwezi kushika hicho kitu. Nataka Baba Gladys anidunge."

"Kwa nini mimi?" Ratemo akauliza.

Hapo Nyanchera akaacha Kiswahili, akasema kwa Ekegusii. "Kwa sababu tangu niugue unanipitia mbali kama sufuria ya moto. Unanifunga vifungo ukiangalia pembeni. Unaogopa kuniumiza. Nimechoka kuogopwa. Nataka unishike."

Benter hakuelewa maneno, ila aliona uso wa yule mzee, akajishughulisha na kupanga glavu zake.

Ratemo alianza kufundishwa siku hiyo hiyo. Alidunga chungwa, jasho likimtoka. Ilipofika zamu ya paja la mkewe, alilifinya kidogo alivyoonyeshwa, akavuta pumzi na kudunga.

"Umeanza?" Nyanchera akauliza.

"Amemaliza," Benter akasema, na wote watatu wakaanza kucheka, hata muuguzi akachungulia kujua kuna nini.

Nyumbani, jioni ya sindano ikawa na taratibu zake. Ratemo hunawa hadi viwiko, huzima redio, hufukuza kuku mlangoni, halafu huuliza, "Leo mguu upi?" Akishamaliza, huacha kiganja chake pale pale na kusimulia habari za sokoni mpaka chai ichemke. Kichefuchefu kilikuja kidogo siku za mwanzo, kisha kikasahaulika. Polepole asubuhi zikawa nyepesi. Siku moja Ratemo aliamka akakuta mkewe hayupo kitandani. Alimkuta shambani na kikapu mgongoni, akichuma chai na kumcheka jirani yao Persis kwa uvivu wake.

Desemba mpwa wao Bosibori aliolewa Keumbu. Muziki ulipopigwa, Nyanchera aliingia uwanjani na wanawake wenzake, mabega yakicheza. Ratemo alimfuata hadi katikati.

"Mama Gladys, pole pole," alimnong'oneza. "Kesho utalalamika."

"Kesho nitalalamika," alisema, akamshika mkono na kumvuta. "Leo cheza."

Ratemo akavua koti, akalitupa kwenye kiti, akacheza.