Haya Mbele ya Mama Mkwe

Fundi rangi alipoanguka kutoka juu ya ngazi na kuvunjika nyonga, mama mkwe ndiye aliyekaa naye hospitali, maana mkewe alikuwa amebanwa na cherehani. Daktari alipouliza kama anakunywa pombe, fundi alimtupia mkwewe jicho la pembeni, akajibu kuwa hata harufu yake haijui. Dawa za usingizi je? Pumu? Vyote akakana. Akaandikiwa vidonge vikali vya maumivu, akarudi nyumbani kwa magongo.

Jumapili mchana wenzake wa kazini walikuja kumjulia hali, na bia mfukoni. Alimeza kidonge, akashushia bia. Maumivu yalipokataa kutulia, akaongeza kidonge chake cha usingizi. Wageni walipoondoka, mkewe alimkuta kochini akikoroma kwa kukatakata, pumzi zikija mojamoja, midomo imekuwa rangi ya majivu. Alimtikisa, hakuamka. Mama mkwe, aliyekuwa ameingia punde kwa mlango wa nyuma, akatoka jikoni mbio, akamlaza ubavu, akamtuma binti yake kutafuta gari.

Hospitali walimchoma sindano ya kuvunja nguvu za kile kidonge cha maumivu, akazinduka akitweta. Maumivu nayo yakarudi yote kwa mpigo. Daktari yuleyule akaanza kumuuliza upya. Mke akamwomba mama yake atoke kidogo, lakini fundi akamzuia.

"Mama, kaa. Nilidanganya kwa kukuonea haya, na haya hiyo nusura imfanye bintiyo mjane."

Akasema yote: bia za kila jioni, vidonge vya usingizi, pumu ya tangu utotoni. Daktari akamweleza kwamba pombe na dawa za usingizi, zikikutana na kidonge kile, huulewesha ubongo hadi usahau kuvuta pumzi, na kifua chenye pumu hakina akiba ya pumzi. Akambadilishia dawa, akamwonya kuwa maumivu hayataisha yote.

"Nitayavumilia," fundi akasema. "Ila pombe nisaidie kuiacha."

Mama mkwe akavuta kiti karibu na kitanda.

"Mwanangu, bia hiyo naisikia harufu tangu siku uliyokuja kuposa. Kumbe ulikuwa unamficha nani?"

Mke akacheka huku machozi yakimtoka.

Majuma ya kwanza yalikuwa machungu. Mikono ilimtetemeka, usingizi ukamkimbia, nyonga ikamchoma kila alipogeuka. Kila asubuhi aliinuka akashika ukuta, akatembea hadi mlangoni, akarudi. Aliporudi kazini, aliomba apewe kuta za chini kwanza.