Mwandiko wa Profesa

“Hapa hakuandika ‘nimepigana na mke’,” alisema Mama Taipu, akiinua kioo cha kukuzia kutoka kwenye karatasi. “Kaandika ‘mbu’. Usiku kucha nimepigana na mbu.”

Mhariri alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. Alikuwa kijana mpole mwenye shahada mbili, na sentensi ile ilikuwa imemhangaisha wiki nzima. Alikuwa ameiandikia tanbihi ya nusu ukurasa kuhusu misukosuko ya ndoa ya marehemu Profesa.

“Tanbihi nzima,” alisema taratibu.

“Ifute tu, baba. Mkewe alikuwa mtu wa watu. Washari walikuwa mbu.”

Walikuwa katika chumba cha nyuma cha maktaba ya chuo, chumba chembamba chenye dirisha moja na meza moja. Juu ya meza kulikuwa na ndoo nyeupe ya rangi, ile ya lita ishirini, yenye kifuniko. Humo ndimo barua zilimokaa miaka yote: barua mia mbili na kumi na nne ambazo Profesa alimwandikia rafiki yake wa ujana, daktari wa mifugo aliyehamia mji wa mbali. Daktari alipofariki, mjane wake hakuwa na moyo wa kuzitupa wala macho ya kuzisoma. Akaifunga ndoo kwa kamba, akaituma chuoni.

Profesa alikuwa mtu wa mambo mawili. Alfajiri alipiga magoti, mchana alipasua vichuguu. Aliwachunguza mchwa kwa miaka arobaini, akaandika vitabu kuhusu mchwa na vitabu kuhusu Mungu, na watu wa kila upande walimshuku kuwa moyoni ni wa upande wa pili. Walichokubaliana wote ni kwamba mwandiko wake haukuwa wa kusomeka na binadamu.

Mama Taipu aliusoma. Yeye aliishia darasa la saba, akajifunza kuchapa kwa miezi sita, akapelekwa ofisini kwa Profesa baada ya wachapaji watatu kushindwa. Wa kwanza alilia, wa pili aliumwa kichwa, wa tatu alitoka kwenda kunywa chai na hiyo chai hajaimaliza mpaka leo. Yeye alikaa. Alijifunza mwandiko ule kama mama anavyojifunza kilio cha mtoto mchanga: hiki cha njaa, hiki cha usingizi, hiki cha kudeka tu. Alikaa miaka ishirini na tisa.

Lakini barua za binafsi hakuwahi kuzigusa. Hizo Profesa aliziandika mwenyewe, akalamba bahasha mwenyewe, akazipeleka posta mwenyewe, mkono mmoja nyuma ya mgongo. Kila alipopita mbele ya meza ya mchapaji wake na bahasha, mashine ilinyamaza kidogo. Anaandika nini huyu mtu, mambo gani hayo yasiyotaka kuchapwa? Mama Taipu alistaafu na swali hilo. Alimzika Profesa nalo. Sasa, akiwa na miaka sabini na moja na magoti yanayolalamika kwenye ngazi, swali lilikuwa limewekwa mezani mbele yake na kufunguliwa kifuniko.

“Kabla sijaenda kula,” mhariri alisema, “nikuonyeshe jalada.”

Alilitandaza kwa mikono miwili kama mtu anayetandika kitanda cha mgeni. Katikati, kwa herufi kubwa, palikuwa na jina la kitabu: *Sina Shaka Naye*. Nyuma ya maneno hayo, kwa rangi hafifu, palionekana mstari wenyewe katika mwandiko wa Profesa, uliopigwa picha kutoka kwenye barua mojawapo.

“Jina alilichagua binti yake,” mhariri alisema. “Unajua mwaka jana alifiwa na mume. Nilimpelekea mstari huo wiki ileile.”

Mama Taipu alijua. Binti mwenyewe alikuwa amemsimulia siku ya kwanza ya kazi hii. Sasa alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kuzoea kusikika mpaka nyuma ya darasa, lakini siku ile alinong’ona. “Nilikuwa nimekaa chini, Mama Taipu. Mstari ule ndio ulioninyanyua.”

Aliliangalia jalada muda mrefu kuliko ilivyohitajika kulisifu.

“Barua yenyewe iko wapi?”

“Imo humo. Hiyo usijisumbue, tuliisoma wenyewe. Ila chini yake pana mistari imetushinda.”

“Nipe hiyo mistari, basi,” Mama Taipu alisema.

Mhariri alipotoka, aliichukua barua akaenda nayo dirishani.

Profesa alikuwa na balaa moja ambalo wachapaji wote watatu walilikimbia. Herufi yake kubwa ya S ilikuwa imelala ubavu, na N yake ilikuwa imeinama; ukiziweka pamoja ni mapacha waliovaa sare. Hata mama yao angeita jina na kuitikiwa na asiyemtaka. Mama Taipu aliwatenganisha kwa alama ambayo ilimchukua mwaka mzima kuigundua. N Profesa aliianzia chini, kalamu ikiwa imetoka tu kwenye wino, kwa hiyo mguu wa kushoto ulikuwa mzito, wenye kidonda. S aliianzia juu. Katika picha ya jalada hakukuwa na kidonda chochote, maana picha hunywa wino. Katika karatasi yenyewe, chini ya kioo, mguu wa kushoto wa herufi ya kwanza ulikuwa umevimba kama wa mtu aliyekanyaga mwiba.

Alikifuta kioo kwa kanga, akatazama tena.

Pengine kalamu ilivuja. Pengine macho ya miaka sabini na moja yameanza kumtania. Profesa mwenyewe, alipoletewa habari, alikuwa na neno lake moja: “Usiniambie ulichodhani. Niambie ulichokiona.” Mama Taipu akarudi kwenye ndoo. Barua zote zilianza kwa *Ndugu yangu* na kuishia kwa *Salamu*. Kwa hiyo kila moja ilikuwa na N isiyobishaniwa na S isiyobishaniwa. Alizitoa ishirini bila kuchagua, akazipanga mezani, akapita na kioo moja baada ya nyingine. Ndugu: mguu mzito. Salamu: mguu mwepesi. Ndugu, mzito. Salamu, mwepesi. Zote ishirini.

Katika barua ya kumi na saba alijikuta mwenyewe.

*Mchapaji wangu ni mkaidi,* Profesa alikuwa ameandika. *Nikikosea, anachapa kosa langu kama lilivyo, halafu anaweka alama ya penseli pembeni ili nione aibu. Jana nimeona aibu mara nne.*

Aliisoma mara mbili, akacheka peke yake, kisha akatazama mlango kana kwamba amekutwa akidokoa. Miaka yote ile alikuwa akijiuliza kama yumo ndani ya bahasha hizo. Kumbe yumo, na penseli yake.

Akarudi kwenye barua ya jalada. Chini ya mstari wa kwanza, kwenye nakala yake, mhariri alikuwa ameweka nukta tatu, alama ya pasiposomeka. Mama Taipu alisoma pasiposomeka. Alisoma polepole mpaka mwisho, akavuta kiti, akakaa.

Mhariri alirudi akinukia sabuni ya mikono.

“Baba,” Mama Taipu alimwambia, “hii si S. Ni N.”

Kijana alisimama na kitasa mkononi. Hakuhitaji kufafanuliwa. Alikuja, akainama, akaonyeshwa mguu mzito, akaonyeshwa zile ishirini. Alikuwa msomi wa kweli, kwa hiyo aliona. Na kwa kuwa aliona, alilivuta jalada, akaligeuza kifudifudi.

“Ni herufi moja tu, Mama.”

“Moja.”

“Jalada limeshachapwa. Na yule mwalimu…” Hakumaliza. Alijaribu njia nyingine, kwa upole, bila hila. “Dunia nzima hakuna mwingine anayeusoma mwandiko huu. Ukisema ni S, ni S. Hakuna wa kukubishia.”

“Ndiyo maana siwezi,” alisema Mama Taipu.

Lakini alipolisema hilo hakujiona shujaa. Akilini alimwona yule mwanamke amekaa chini, na yeye akimfuata hapo alipo kumnyang’anya fimbo iliyomnyanyua. Alivuta mashine ya kuchapa iliyokuwa pembeni mwa meza. Alichapa sentensi ya kwanza jinsi ilivyo, kisha akachukua penseli na kuweka alama pembeni.

Binti alifika saa kumi, na vumbi la chaki kwenye mkono wa gauni. Aliuliza hali, akauliza magoti, akauliza kazi imefika wapi. Mhariri akaangalia ndoo.

“Kaa, mwanangu,” Mama Taipu alisema. “Barua ile ya jalada nimeisoma yote. Mstari wa kwanza tumeukosea. Nitakusomea alivyoandika, kisha kama ni kunikasirikia, unikasirikie.”

Binti alikaa. Mama Taipu alisoma kwa sauti ileile aliyozoea kumsomea Profesa rasimu zake, isiyopanda wala kushuka.

“*Nina shaka naye, ndugu yangu, na sijapata ujasiri wa kumwambia mwenyewe. Kila alfajiri napiga magoti kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba asiyojua kama ina wenyewe. Majirani wananihakikishia kuwa wapo. Mimi sijasikia hata kikohozi. Kesho nitabisha tena. Usiniulize kwa nini. Nimejiuliza mwenyewe na jibu sina. Binti yangu aliniuliza jana kama ninasikiwa. Nilimwambia ndiyo, upesi mno.*”

Nje, mtu alikuwa akiburuta viti kwenye sakafu. Binti aliupeleka mkono kwenye karatasi, akausimamisha kabla haujaigusa.

“Una hakika na herufi?”

“Nina hakika.”

“Nilikuwa kwenye ngazi nilipomuuliza,” binti alisema. “Nafunga kamba za viatu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili.” Sauti yake ya darasani ilikuwa imemtoka kabisa. “Niligundua.”

“Uligundua nini?”

“Kwamba kajibu upesi. Baba alikuwa hajibu kitu upesi, hata ukimuuliza kama mvua itanyesha. Nikajiambia, basi, yeye ana jibu, mimi ndiye nimepungukiwa, nikae kimya. Nimekaa kimya mpaka leo.” Aliufuta uso kwa kiganja, akaacha mstari wa chaki shavuni. “Hata mwaka jana pale msibani. Waliponiambia mume wangu yupo mahali pema, nilikuwa naitikia tu.”

Mama Taipu alitaka kumshika mkono, akaona pengine ni mapema, akaacha wa kwake juu ya meza, karibu.

“Na jalada, Mwalimu?” mhariri aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi.

“Sijui. Sikuchukii, lakini leo usiniulize jalada.” Alimgeukia Mama Taipu. “Inayofuata ni ipi?”

Mama Taipu alichagua kwa tarehe. Iliandikwa miezi miwili baada ya ile, kwenye karatasi ya daftari yenye doa la udongo, ya mtu aliyeandikia porini kwenye kazi yake. Aliisogeza kwenye mwanga uliobaki.

“*Ndugu yangu, nakuandikia nikiwa bado nimechutama. Leo nimepasua kichuguu cha zamani kuliko vyote nilivyowahi kupasua, na chini kabisa, chini ya chumba cha malkia, nimekuta…*”

Aligeuza karatasi. Aliinama, akasogeza kioo, akakirudisha nyuma.

“Amekuta nini?” binti aliuliza.

“Subiri.”

Walisubiri. Neno lilikuwa fupi, limeandikwa kwa haraka, na mkia mmoja umeshuka mpaka mstari wa chini.

“Sijui, mwanangu,” alisema Mama Taipu, na yeye mwenyewe alishangaa kulisikia hilo likitoka kinywani mwake.

Binti alisogeza kiti. Mhariri naye alikuja, akaegemea meza, akasahau kuvaa miwani yake. Wote watatu waliinamisha vichwa juu ya karatasi ile yenye udongo mpaka vikakaribia kugongana, na Mama Taipu akaanza upya, kwa ncha ya penseli, kutoka herufi ya kwanza.