Ngata ya Mfalme

Neli alikuwa akisugua chungu kibichi kwa kokoto, pale ufukweni Ikombe, mfalme wa Uingereza alipotoka ziwani. Alikuwa amekufa karne nyingi zilizopita, na viatu vyake vilijaa maji. Neli akamwambia avivue, asimchafulie udongo.

"Ugonile," Neli alimsalimu.

"Ugonile, mama," mfalme akajibu.

Vyungu vya pale vina matako ya mviringo. Bila ngata havikai. Siku ile ngata ya majani makavu ya mgomba ilikuwa imeoza, kwa hiyo Neli akaliomba taji. Mfalme akalivua, akalilaza mchangani, na chungu kikatulia juu yake bila kutikisika. Basi akabaki. Alichimba udongo, akaubeba, akaezeka upya kibanda cha kukaushia vyungu. Wakati wa sala ya jioni aliinamisha kichwa pamoja na Neli na jamaa zake, na "Amina" yake ilichelewa kidogo, kama ya mtu anayejifunza.

Habari za utawala wake alizisimulia bila kujitetea. Alimpenda rafiki mmoja kupita kiasi, akampa mashamba ya watu, wakubwa wengine wakamchukia. Wakamfungia chumbani mpaka akakubali kuvua taji.

"Hilo nililistahili, mama," alisema. "Lakini walinilazimisha niseme mbele ya watu kwamba nimeliacha kwa hiari. Hilo ndilo linaloninyima usingizi kaburini."

"Pole, baba," alisema Neli. "Hebu nishikie udongo huu."

Ulikuwa mwaka wa pili wa vita vya Wajerumani na Waingereza. Asubuhi moja askari wa boma la Wajerumani alikuja kumchukua Hezekia, mwana pekee wa Neli, akabebe mizigo ya jeshi. Wanaume waliotangulia kuchukuliwa hapo kijijini, hakuna aliyerudi. Tusekile, mke wa Hezekia, alikuwa na mimba.

"Nitakwenda mimi," mfalme alisema.

Askari akamtazama. "Wewe Mwingereza?"

"Wa zamani."

"Umekufa?"

"Naam."

"Basi huli posho." Askari akaridhika.

Neli akashika chungu kipya kilichokuwa juu ya taji akiondoe, ampe mfalme taji lake aliweke chini ya mzigo. Mfalme akamzuia.

"Kiache, hakijakauka." Akaokota majani ya mgomba, akasokota ngata. "Nilibebwa na watu maisha yangu yote, mama. Acha nami nibebe."

"Sema unakwenda kwa hiari," askari aliamuru, kama alivyoagizwa bomani.

Mfalme akacheka. Hawakuwahi kumwona akicheka. "Safari hii ni kweli."

"Ndaga, baba," Neli alimshukuru.

Akapanda njia ya mlimani na sanduku la risasi kichwani, shingo imenyooka, peku. Neli alimtazama mpaka akapotelea migombani. Alikuwa amewaona watawala wengi. Hakuna aliyetembea vile.

Kabla chungu hakijachomwa, askari alirudi. Mizigo ilikuwa imeongezeka. Hezekia akaweka chini nyavu zake, akatoka.

Neli alikiondoa chungu, akalifuta taji udongo kwa pindo la nguo yake, akamwombea mwanawe, akamvika. Likamtosha. Askari akampandishia sanduku juu yake.

"Sema unakwenda kwa hiari."

Hezekia akamtazama mama yake, kisha akasema.

Neli akabaki amekikumbatia kile chungu mpaka jua likazama, maana hakikuwa na pa kukaa.