Asiyeandika "Nipo" Hateki

Mama Povu alikuwa anasuuza makoti ya zahanati kwa maji aliyofulia mashuka, na mashuka yenyewe aliyafua kwa maji ya mashuka mengine. Povu lilikwisha zamani. Kilichobaki kwenye karai kilikuwa uji wa kijivu ambao hata nzi alitua, akafikiri, akaenda zake. Dobi asiye na maji ana nini? Ana nguo chafu za watu.

Katika jumba lile la vyumba vingi, bomba lililotoa maji lilikuwa moja tu, uani, nalo lilivaa kufuli. Msimamizi, waliyemwita Admini, alipotaka kulifungua alitangaza kwenye kundi la simu la wapangaji. Ukisoma, unaandika "Nipo", unapanga ndoo. Asiyeandika hateki, hata aje na pipa na machozi. Juu kabisa ya kundi, katikati ya maua ya waridi, ilikaa dhamira: "Sisi ni familia moja. Upendo, uwazi, na sauti kwa kila mmoja." Chini yake kanuni, na kanuni zilizaana kama sungura.

Kosa la Mama Povu lilikuwa picha. Aliipiga picha glasi ya maji ya bomba lile, ndani mdudu mwekundu anajinyonganyonga kama yuko ngomani, akaandika: "Familia imeongezeka. Tumkaribishe." Wapangaji wakacheka hadi kuta zikatikisika. Kicheko hakijafika ghorofa ya juu, Admini alikwishamtoa kundini.

Mama Povu akamfuata kwenye kiofisi chake chini ya ngazi.

"Mama, mimi nakuheshimu kama mzazi," alisema Admini, macho kwenye simu. "Lakini umevunja kanuni ya nne. Hakuna kuvunjana moyo."

"Nimevunja moyo wa nani, mwanangu?"

"Wa kundi."

"Na tumbo la kundi je?"

"Unaona sasa? Ulimi huo ndio unaokuponza. Mwenye nyumba naye yumo mle, anasoma." Akashusha sauti. "Nitakurudisha sasa hivi. Utume radhi kwa sauti yako, wote wasikie. Ukimaliza, utaandika 'Nipo' kama wenzako."

"Nisipotuma?"

"Utakuwa mpangaji, ila si familia."

Kinyozi, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alimsubiri mlangoni. "Dada, omba radhi yaishe. Ningekupa ndoo moja kimyakimya, lakini anayempa maji aliyetolewa naye anatolewa. Mimi nina watoto."

"Nami nina makoti ya manesi, kaka. Wanayafuata jioni."

Simu yake ikalia: amerudishwa. Jumba zima likatega sikio.

Kila chumba kilikuwa na bomba lake ukutani, linalong'aa, lililotajwa kwenye mkataba wa kodi na halijawahi kulowa. Mama Povu alibonyeza sehemu ya kurekodi, akaisogeza simu kwenye mdomo wa bomba, akalifungua. Khoo. Khrrr. Pfff. Akaliacha limalize kukohoa, kisha akasema, "Nipo." Akatuma.

Ng'ambo ya ukuta, kwenye simu ya kinyozi, ikasikika: khoo, khrrr, pfff. Nipo. Kisha ghorofa ya juu. Kisha ng'ambo ya korido. Jumba likakohoa kiu yake chumba hadi chumba. Mtu akacheka, akajiziba mdomo.

Mama Povu alipoitazama simu, alikuwa ametolewa tena.

Punde simu za vyumba vyote zikalia pamoja, isipokuwa yake, na ndoo zikaanza kugongana ngazini. Maji. Akabeba ndoo, akashuka, akasimama mbele kabisa.

"Hukuandika 'Nipo'," alisema Admini, ufunguo mkononi.

"Nimesema. Hata kuta zimesikia."

Admini aliinamia simu, akaandika, na simu zote uani zikalia. Watu wakainamisha vichwa kusoma maneno ya mtu aliyesimama mbele ya macho yao: kanuni mpya, bomba halifunguliwi akiwepo asiye wa familia. Mwishoni, ua la waridi.

Hakuna aliyemwambia aondoke. Hakuna aliyemwambia abaki. Kinyozi alikuwa anachunguza kitako cha ndoo yake kana kwamba kina ufa.

Mama Povu akaipindua ndoo yake, akaikalia, akakunja mikono iliyochubuliwa na sabuni.

"Haya, familia," akasema. "Tukae."

Admini akatia ufunguo mfukoni. Kwenye mdomo wa bomba tone moja lilining'inia, likavimba, na uani pote hakuna aliyekuwa akitazama kingine.