Mlima Tulioupanda Kinyumenyume

Mimi na mkwe wangu tuliheshimiana mpaka tukawa kama wageni. Tangu amwoe binti yangu na kumvusha mpaka, kila akija kunisalimia hukaa kiti cha karibu na mlango, akaangalia zulia, nami nikaangalia dirisha. "Hujambo, mama?" "Sijambo, baba. Hawajambo huko?" "Hawajambo." Baada ya hapo tunaiachia saa ya ukutani iendeleze mazungumzo. Si kwamba namchukia. Ni fundi friji, mpole, mikono misafi kuliko ya fundi yeyote niliyewahi kumwona. Lakini maneno yake huyapima kwa kijiko cha chai, na mimi nimefundisha chekechea maisha yangu yote. Mtu asiyepiga kelele hunitia wasiwasi.

Asubuhi ile alikuja kunichukua. Binti yangu alikuwa amekaribia kujifungua na alimwambia mumewe waziwazi, "Kamlete mama. Bila mama sizai." Sikumlaumu. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa hapumui, na mimi sikuwepo. Mvua ilikuwa imeiporomosha barabara ya mlimani, nikabaki nyumbani na mzigo wangu umefungwa, nasubiri gari ambalo halikuweza kuja. Safari hii niliapa nitafika hata kwa kutambaa.

Gari lenyewe lilikuwa dogo na kuukuu, limepauka mpaka huwezi kusema lilizaliwa na rangi gani. Kiti cha mbele alikuwa amepakia beseni la mtoto na kigodoro, kwa hiyo nikakaa nyuma, na moyoni nikashukuru, maana kukaa bega kwa bega na mkwe mchana kutwa ni mtihani. Tulipofika chini ya mlima simu yake ikaita. Alikuwa jirani yao. Uchungu ulikuwa umeanza, walikuwa wamempeleka hospitali.

"Mama, funga mkanda," akasema. Kwake yeye hiyo ni hotuba.

Barabara ile kila mtu huisimulia, na hakuna anayeongeza chumvi. Ni mawe matupu. Upande mmoja umekaa ukuta wa mwamba, upande wa pili hakuna kitu, ni hewa tu na mto unaong'aa huko chini kama uzi. Mpaka uko juu kabisa, mgongoni mwa mlima, na geti hufungwa jua likizama. Ukichelewa unalala kwenye gari mpaka asubuhi, uwe waziri au uwe muuza vitunguu. Nilikuwa nalitazama jua zaidi kuliko nilivyoitazama barabara.

Tulipanda vizuri mpaka kwenye mwinuko mkali. Hapo gari likakohoa, likatetemeka, likasimama. Akarudi nyuma kidogo, akajaribu tena kwa gia ya kwanza. Likagoma. Akajaribu tena na tena, nami nikaanza kumwomba Mungu kwa sauti ya darasani, ili asiseme hakusikia.

"Gia ya kwanza imechoka, mama," akasema akiwa bado anaangalia mbele. "Lakini ya nyuma ina nguvu. Usishtuke. Tutapanda kinyumenyume."

Nilidhani ni utani, nikakumbuka kuwa hajawahi kunitania. Akaligeuza gari kwa tabu, kidogo mbele, kidogo nyuma, mkia ukatazama kileleni. Kisha akapitisha mkono juu ya kiti, akageuza shingo ili aone kioo cha nyuma. Tukakutana uso kwa uso.

Miaka yote ile sikuwa nimemwona vizuri huyu mtu. Ana kovu dogo kwenye kidevu. Unyusi mmoja umeanza mvi na mwingine bado. Macho yalikuwa mekundu, si ya usingizi, ni ya hofu. Yeye naye hakuwa na pa kukimbilia. Zulia halikuwepo.

"Samahani, mama," akasema kwa aibu, "kichwa."

Kichwa changu kilikuwa kimemziba. Nikahamia pembeni, na nilipoona bado anabahatisha, nikapiga magoti juu ya kiti kama mtoto kwenye basi la shule, nikashika kazi ya kumwongoza. Gari likaanza kupanda, injini inalia kama mashine ya kusaga.

"Kulia!" nikapaza sauti. "Kulia, kulia!"

"Usilie, mama, tutafika."

"Nani analia? Nenda kulia!"

"Kulia kwako au kulia kwa gari?"

Wakati tunajadili hilo, gurudumu lilikuwa linautafuta mto. Nikapiga ukelele ambao nadhani ulivuka mpaka kabla yetu. Akakanyaga breki. Nikamwambia kuanzia sasa hakuna kulia wala kushoto. Kuna mwamba na kuna shimo. Nikisema mwamba, fuata mwamba. Nikisema shimo, ujue umekosea. Akacheka! Kumbe ana meno mazuri.

Basi tukapanda hivyo, mwamba, mwamba, shimo, shimo baba wee, mwamba. Lori lililokuwa linashuka lilisimama kutupisha, dereva na utingo wake wakatushangilia kama maharusi. Kona moja baada ya nyingine, mpaka injini ikaanza kutoa moshi, ikabidi tusimame ipoe. Nilishuka nikaweka jiwe kwenye magurudumu ya mbele, maana siku hiyo mbele ndiko kulikokuwa nyuma.

Alikaa juu ya jiwe jingine. Nikamwambia haraka haraka haina baraka, ajipe moyo, wanawake huzaa kila siku. Nilisema tu ili niseme kitu.

"Mara ile walinizuia mlangoni, mama," akasema. Aliongea akinitazama, nadhani kwa sababu alikuwa ameshazoea. "Nilisimama nje. Nilikuwa nasikia wanavyomwambia sukuma, sukuma. Halafu wakanyamaza wote. Hakuna aliyetoka kuniambia. Nilijua kwa ule ukimya."

Nikaketi kwenye jiwe la pembeni yake.

"Ndiyo maana nataka leo akuone wewe," akaendelea. "Mimi nitakaa nje. Nje napajua."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Methali hiyo nimeisema harusini, msibani, na kwenye vikao vya wazazi shuleni, na siku zote nikiisema nilikuwa namfikiria mama tu, si baba. Nilimpenda mkwe wangu pale pale juu ya mawe, kwa ghafla kabisa, kiasi kwamba nilikasirika. Nikamwambia ainuke, injini imepoa, jua halimsubiri mtu.

Tulifika getini jua limebaki kipande. Askari alikuwa ameshika kamba ya kizuizi, tayari kukishusha. Aliona gari linamjia kwa mgongo, na kwenye kioo cha nyuma bibie aliyepiga magoti anapunga mikono yote miwili.

"Sasa nyie," akasema, "mnaingia au mnatoka?"

"Tunaingia!"

"Watu huingia kwa uso, mama. Nyie mmeanza na makalio."

Mkwe wangu aliinamisha kichwa kwa aibu, neno kama hilo kutamkwa mbele ya mama mkwe. Mimi nilikuwa nimeshavuka huko. Nikamwambia askari binti yangu yuko leba, na kama anataka kuangalia makalio aangalie ya gari, ila agonge mihuri huku anaangalia. Akagonga. Kizuizi kilishuka nyuma yetu, au mbele yetu, sijui niseme vipi. Upande wa pili ulikuwa mteremko, na kuteremka gari halikuhitaji kubembelezwa. Tuliingia mjini kwa uso, kama binadamu.

Hospitalini alinishikia mkono kupanda ngazi. Mlangoni mwa wodi ya wazazi muuguzi alituzuia kwa daftari lake. Ndani kumejaa, kitanda kwa kitanda. "Anaingia mzazi mmoja tu," akasema. "Na mgonjwa tangu mchana anamwita mama yake."

Mkwe wangu alinipa mfuko wa nguo za mtoto bila kuulizwa. Akarudi nyuma, akaegemea ukuta, macho chini.

Nilikuwa nimeapa kutambaa. Nilikuwa nimeupanda mlima ule kwa magoti, na hilo si neno la kunogesha, magoti yenyewe yalikuwa yanauma. Na ndani nilimsikia binti yangu, sauti yake naijua kati ya sauti elfu, anaita mama. Kila kiungo changu kilitaka kuingia.

"Mzazi ni huyu," nikasema, nikamrudishia mfuko, nikamsukuma. Alinigeukia, mdomo wazi. "Nenda, baba. Mwamba."

Mlango ukafungwa. Nikauegemea kwa kifua, nikatoa ile sauti iliyotuliza watoto arobaini siku ya mvua.

"Mwanangu! Niko hapa mlangoni! Nimekuletea mumeo!"

"Mama?" Sauti ilikuwa ya mbali, imekatika.

"Niko hapa! Sitoki! Sukuma, na mimi nitakusimulia!"

Nikamsimulia. Nilianzia gia ya kwanza, nikaja kwenye kulia kwako na kulia kwa gari, nikaigiza askari na kizuizi chake. Wanawake waliokaa benchi walishika matumbo kwa kucheka, na mmoja akanisihi nisiendelee asije akazalia pale. Ndani nilisikia watu wakiongea, vyuma vikigongana, mtoto wa mtu akilia, vitanda vilikuwa vingi. Niliogopa kunyamaza. Nilijua nikinyamaza nitasikiliza, kwa hiyo nilizidi kupaza sauti, nikaanza hadithi upya kutoka mwanzo na kuongeza lori la pili ambalo halikuwepo.

Mlango ukafunguka kidogo. Muuguzi akatoa kichwa.

"Bibi," akasema, "punguza sauti. Unamshtua mtoto."

Nilikuwa tayari kumuuliza bibi ni nani hapa. Maisha yangu yote nimeitwa mama na mwalimu, na nywele nilikuwa nimezipaka rangi juzi tu. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Kisha nikaelewa alichosema, nikakaa chini pale pale sakafuni.