Vyungu vya Natalina

"Toa hiyo kitu, Natalina! Toa watu waone!"

Kaltumu alikuwa keshavuka ua, jembe mkononi, nusu ya mtaa wa Oli nyuma yake.

"Mama Siraji, rudi kwako. Hiyo iko chungu tu."

"Chungu tu! Tangu lini chungu inazikwa? Mboga ya sisi wote imekauka, ya kwako peke yake inacheka. Iko dawa!"

Watu wakaguna. Habari walikuwa nayo tangu Kaltumu alipochungulia, akamwona jirani yake akifukia vyungu hadi shingoni kati ya matuta ya mchicha, ambao Oli huuita dodo. Kabla ya adhuhuri hadithi ilishafika sokoni, imeongezwa chumvi kila ilipopita: mara ndani mna nywele, mara mna damu ya kuku. Tangu hapo Natalina alikwenda sokoni na beseni limejaa, akarudi nalo limejaa.

"Kama mimi mchawi," Natalina akasema, "si ningeanza na mdomo yako?"

Watu wakaangua kicheko. Kicheko hicho ndicho kilichomponza Kaltumu. Akainua jembe, akapiga.

Chungu kikapasuka. Wote wakaruka nyuma. Yakatoka maji, maji matupu, yakanywewa na udongo mkavu mbele ya macho yao.

Natalina akachuchumaa kuokota vigae.

"Nilifundishwa kule Koboko, kwa dada yangu. Unajaza, unafunika, inatoka jasho pole pole. Mizizi inakunywa huko chini, jua haipati kitu. Jerikeni moja inakaa siku mingi. Sokoni nilieleza, nani alisikia?" Akapangusa kigae kwenye kitenge. "Nilitaka kukuita tufukie na kwako. Lakini uliacha kunisalimia."

Waliokuja na Kaltumu wakakumbuka ghafla sufuria walizoacha motoni. Akabaki peke yake, jembe limekuwa zito, uso unamwaka. Akaondoka.

Aliporudi alikuwa na mtungi kichwani, ule wa maji ya kunywa aliopewa na mama yake. Alipita nao njia kubwa, mbele ya wale wale aliowapelekea hadithi.

"Ee, Mama Siraji! Na wewe umeanza dawa?" akadakia Drateru, muuza chapati.

Kaltumu akasimama. Angeweza kupita tu.

"Hakuna dawa. Mimi nilisema uongo. Dodo ya Natalina iko safi, nunueni."

Akauweka mtungi sawa kichwani, akashika njia ya kwa Natalina.

Shambani alipiga magoti, akachimba kwa mikono pale pale alipovunja. Natalina akashuka kumsaidia. Mtungi ukakaa sawa, wakaujaza maji.

"Mama Siraji."

Kaltumu akapangusa udongo viganjani.

"Nawa mikono, ingia ndani tule. Iko dodo na simsim. Nyama sijaweka, yote halali kwako, usitafute sababu."